Kocha wa mpwa wangu ameondoka: chuo kitampata wapi mwingine, na kijana afanye nini?

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Mtoto wa dada yangu yuko mwaka wa pili chuoni Marekani, pwani ya mashariki. Anacheza kikapu Division I, ngazi ya juu ya michezo ya vyuo, kwa ufadhili kamili. Wiki iliyopita kocha wake mkuu ametangaza kwamba anahamia chuo kikubwa zaidi. Wenzake watatu wameshaingiza majina kwenye potali ya uhamisho, ile orodha ya mtandaoni ya wachezaji wanaotaka kuhama chuo, na mitandaoni kila saa linatajwa jina jipya la kocha anayekuja. Huyo kocha mpya wanampataje? Itachukua muda gani? Na kijana asubiri au naye aondoke? Dada yangu halali usiku. Mimi mjomba wake, Mwanza."

Marahaba, ndugu yangu. Mpe dada pole zangu.

Naanza na jambo la leo, mengine yatafuata. Kijana asiingize jina lake potalini kabla hajamjua kocha mpya na kuongea naye. Kuingia ni kazi ya dakika chache. Lakini jina likishaingia, chuo alichopo kinaruhusiwa kuigawa nafasi yake kwa mtu mwingine, na kinaweza kuukatisha ufadhili wake muhula ukiisha. Akibadili mawazo anaweza kulitoa jina, ila chuo hakilazimiki kumrudisha kikosini. Wale wenzake watatu huenda tayari kuna chuo kimewaita. Yeye ameitwa na nani? Kama hakuna aliyemwita, basi kukimbilia potalini ni kuuza nyumba kabla hujajua utalala wapi.

Kisha aitafute karatasi ya ufadhili aliyosaini. Aisome yote, na wewe umwombe picha yake uisome. Kocha ndiye aliyemwona kijana, akampenda, akampigia simu mama yake na kumwita mama. Lakini ada, chumba na chakula vinalipwa na chuo, na sahihi iliyoko pale ni ya chuo. Tangu Agosti 2024 kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kwa Division I zinakataza kumpunguzia au kumfutia mchezaji ufadhili uliokwisha kusainiwa kwa sababu ya kiwango chake uwanjani au kwa sababu ameumia. Kocha mpya anaweza kumweka benchi msimu mzima. Kumfukuzisha shule kwa kuwa hampendi uchezaji wake ni jambo jingine kabisa. Dada ashikilie hilo.

Ila karatasi hailindi dakika za kucheza. Hizo zilikuwa ahadi ya mdomo ya mtu aliyeondoka, na mtu akiondoka anaondoka nazo. Ndiyo maana ni lazima mwelewe jinsi kocha mpya anavyopatikana.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni ule wa Chuo Kikuu cha Kentucky mwaka 2024, kwa sababu unaonyesha jinsi kocha mmoja akiinuka kitini, viti vitano vinatikisika. John Calipari alikuwa kocha mkuu wa Kentucky tangu 2009 na aliwapa ubingwa wa taifa mwaka 2012. Machi 2024 timu yake ilitolewa raundi ya kwanza ya mashindano ya taifa, yale yanayoanza kila Machi, na Oakland, chuo ambacho mashabiki wengi walikuwa hawajawahi kukitazama kikicheza. Ilikuwa 80 kwa 76, na kijana mmoja wa Oakland, Jack Gohlke, alifunga mitupo kumi ya pointi tatu usiku ule. Miaka miwili nyuma Kentucky walikuwa wamefungwa na Saint Peter's katika raundi hiyohiyo. Mashabiki wakataka kocha atimuliwe. Lakini mkataba wake, ule wa miaka kumi wa 2019, ulisema kwamba chuo kikimwachisha kazi kitamlipa zaidi ya dola milioni 33. Mkurugenzi wa michezo akatangaza kwamba Calipari anabaki.

Wakati huohuo, huko Texas, chuo cha SMU kilikuwa kimemwachisha kazi kocha wake Rob Lanier ingawa alishinda mechi 20 na kupoteza 13, kwa sababu chuo kilikuwa kinapanda kwenda ligi kubwa ya ACC na kilitaka jina kubwa. Wakamchukua Andy Enfield kutoka USC. USC, nafasi ikiwa wazi, wakamchukua Eric Musselman kutoka Arkansas. Arkansas sasa hawana kocha. Na Arkansas wana matajiri wa kuku na wa maduka wanaoipenda timu yao kufa na kupona. Aprili 7, usiku wa kuamkia fainali ya taifa, habari zikavuja kwamba Calipari anakwenda Arkansas. Aliyekuwa hafukuziki kwa sababu ya gharama akaondoka mwenyewe, na Kentucky wakaponea zile milioni 33.

Sasa Kentucky ndio wanatafuta. Chuo chenye mataji manane, kimojawapo cha vyuo vinne au vitano vikubwa kabisa katika mchezo huu. Jina la Dan Hurley wa UConn, yaani Chuo Kikuu cha Connecticut, likatajwa, Hurley akabaki kwake. Wakamfuata Scott Drew wa Baylor, bingwa wa 2021, naye akasema hapana. Aprili 12, siku tatu tu baada ya Calipari kuaga rasmi, wakamtangaza Mark Pope wa BYU. Pope alikuwa nahodha wa timu ya Kentucky iliyochukua ubingwa mwaka 1996, lakini akiwa kocha mkuu alikuwa hajashinda hata mechi moja ya mashindano ya Machi. Siku ya kwanza watu walinuna. Siku mbili baadaye, siku ya kumtambulisha, uwanja wa Rupp Arena ukajaa watu wapatao 20,000. Nao BYU, siku chache tu mbele, wakamchukua Kevin Young aliyekuwa kocha msaidizi wa Phoenix Suns, timu ya NBA.

Hesabu: kuanzia Lanier kutimuliwa Machi 21 hadi BYU kupata kocha katikati ya Aprili, hazikufika siku thelathini, na vyuo vitano vilikuwa vimebadilisha makocha.

Nimekusimulia yote hayo kwa sababu chuo cha mpwa wako kiko mahali fulani kwenye mnyororo kama huo. Kocha wake amepanda juu, maana yake kuna aliyeondoka kule juu. Na sasa wao watamchukua mtu kutoka chini yao, au msaidizi kutoka chuo kikubwa, na huko chini nako pengo litabaki. Chuo kikubwa kinaweza kupata kocha ndani ya siku tatu hadi kumi na mbili. Chuo cha kati mara nyingi huchukua zaidi kidogo, kwa sababu watu wanaowataka nao wanasubiri kuona kama wakubwa watawapigia simu. Kwa hiyo wiki mbili za kimya zisiwatishe. Zikifika wiki nne, hapo niandikie tena.

Nani anaamua? Kwenye karatasi ni mkurugenzi wa michezo na rais wa chuo, na katika vyuo vingi vya umma bodi lazima iidhinishe. Kwa kweli mkurugenzi yeyote anayeijua kazi yake ana orodha ya majina mezani hata kocha wake anaposhinda, kwa sababu anajua simu inaweza kulia usiku wowote. Wengi huajiri pia kampuni ya kutafuta makocha. Watu hudhani kampuni hiyo inaleta majina. Majina mkurugenzi anayo. Anachokinunua ni siri na uchunguzi. Kampuni inampigia wakala wa kocha, wakala anamuuliza kocha, jibu linarudi, na mkurugenzi na kocha wote wanaweza kusimama mbele ya waandishi na kusema hawajawahi kuongea, na wakawa wanasema kweli. Kampuni ndiyo inayochimba pia kesi za zamani, madeni, na malalamiko ya wachezaji.

Na wafadhili. Usiwasahau hao. Tajiri mmoja anayelipia nusu ya mshahara ana sauti kuliko kamati ya watu kumi.

Majina ya mitandaoni sasa. Mengi yanatoka kwa mawakala. Kocha ana mkataba mahali, anataka nyongeza, wakala wake ananong'oneza kwamba chuo fulani kinamtaka. Wiki inayofuata unasikia ameongezewa miaka mitatu na mshahara. Hakuwa na nia ya kwenda popote. Mashabiki wengine hufuatilia hata safari za ndege binafsi za matajiri wa chuo, wakiona ndege imetua mji fulani wanasema tayari. Mwambie kijana asikeshe na hayo. Jina lenye maana ni lile ambalo mkurugenzi mwenyewe amewaita wachezaji chumbani akawatajia. Mara nyingi huwa ni saa moja tu kabla ya dunia kujua.

Kuna jambo moja kubwa ambalo limegeuza kazi hii, nalo linamgusa kijana moja kwa moja. Zamani kocha aliyeitwa kwenye usaili aliuliza mshahara, nyumba, na uwanja wa mazoezi. Siku hizi swali la kwanza ni kiasi cha fedha za wachezaji. Tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, na kufuatia hukumu ya Juni 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kwa ukomo wa dola milioni 20.5 kwa michezo yote ya chuo katika mwaka wa kwanza. Vyuo vya kati havina hata robo ya pesa hiyo. Kwa hiyo kocha mpya wa chuo cha kati anakuja akijua hawezi kununua timu yote sokoni. Atawahitaji waliopo. Hii ni habari njema kwa mpwa wako kuliko anavyodhani.

Ona tofauti na kule juu. Pope alipofika Kentucky hakubaki hata mchezaji mmoja wa ufadhili aliyecheza msimu uliotangulia. Wengine waliingia NBA, wengine walimaliza muda wao, wengine walimfuata Calipari Arkansas, akiwemo D.J. Wagner na Adou Thiero, na wengine walitawanyika. Pope alijaza sehemu kubwa ya kikosi kutoka potalini, na akaja na Jaxson Robinson kutoka BYU. Wakashinda mechi 24, wakapoteza 12, wakafika kumi na sita bora. Arkansas nao wakafika hapohapo mwaka huohuo. Vyuo vyote viwili vilinufaika. Lakini kijana aliyekuwa benchi Kentucky Machi ile, asiye na simu ya Calipari wala nafasi kwa Pope, ilimbidi aanze upya mji mwingine. Mpwa wako asiwe yule kijana kwa kukosa kuuliza maswali.

Sasa, atakuja kocha wa namna gani? Hapa nitasema maoni yangu, na nimeyafikia baada ya miaka mingi ya kufundisha kikapu na kuwasindikiza vijana uwanja wa ndege.

Vyuo hupenda kumwita mwana wa nyumbani, mtu aliyechezea pale. Mashabiki hulia machozi siku ya utambulisho. Kentucky walifanya hivyo kwa Pope. Louisville, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari kutoka pale, walikuwa wamefanya hivyo miaka miwili kabla kwa Kenny Payne, aliyekuwa mchezaji wa timu yao ya ubingwa ya 1986. Payne alishinda mechi 12 na kupoteza 52 katika misimu miwili, akaachishwa kazi Machi 2024. Tofauti yao naiona hapa: Pope alikuwa ameongoza timu zake mwenyewe miaka tisa, Utah Valley na BYU. Payne alikuwa msaidizi mzuri sana ambaye hajawahi kuwa mkuu. Baada yake Louisville wakamchukua Pat Kelsey kutoka College of Charleston, mtu asiye na undugu wowote na mji ule. Msimu wa kwanza akashinda 27 akapoteza 8. Damu ya nyumbani ni nzuri ikija juu ya kazi iliyokwisha kuonekana mahali pengine.

Sisemi msaidizi hawezi. Tazameni UConn, chuo ambacho sisi Watanzania tunakijua kwa sababu ya Hasheem Thabeet wetu, futi saba na inchi tatu, aliyechezea pale chini ya Jim Calhoun hadi wakafika wanne bora mwaka 2009, kisha akachaguliwa wa pili NBA. Calhoun alistaafu Septemba 2012, wiki chache kabla ya msimu kuanza. Wapo waliosema alichagua wakati huo makusudi, ili chuo kisipate nafasi ya kutafuta mtu wa nje na kimpe msaidizi wake, Kevin Ollie. Ollie akapewa kwanza mkataba wa miezi michache tu. Aprili 2014 akachukua ubingwa wa taifa kwa kuwafunga Kentucky 60 kwa 54. Msaidizi aliyerithi, mkataba wa kujaribiwa, na kombe likaja.

Halafu yakageuka. Misimu miwili mfululizo ya kufungwa zaidi ya kushinda, na Machi 2018 wakamwondoa. Chuo kilidai amevunja kanuni, hivyo hakistahili kumlipa kilichobaki katika mkataba. Kesi ikaburuzwa hadi Januari 2022, mwamuzi akaamuru alipwe zaidi ya dola milioni 11. Siku kumi na mbili baada ya kumwondoa, walikuwa wamempata Hurley kutoka Rhode Island. Msimu wake wa kwanza Hurley alishinda 16 na kupoteza 17. Alipofika mashindano ya Machi, 2021 na 2022, alitolewa raundi ya kwanza mara zote mbili. Ushindi wake wa kwanza wa Machi akiwa UConn ulikuja 2023, mwaka wa tano. Mwaka huo akachukua ubingwa, na 2024 akauchukua tena. Mchezaji aliyemkimbia Hurley baada ya ule msimu wa kwanza, kwa kuangalia jedwali tu, aliacha nini nyuma? Kijana naye aangalie mazoezi yanavyoendeshwa kabla hajaangalia jedwali.

Jambo la wakati lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Kocha akiondoka Machi au Aprili, soko liko wazi, makocha wanaweza kuhama, wachezaji wanaweza kuhama. Akiondoka Juni au Oktoba, chuo kinabaki na kaimu. Tony Bennett wa Virginia alistaafu Oktoba 2024, msimu ukiwa mlangoni, timu ikaongozwa na msaidizi wake na ikamaliza 15 kwa 17. Machi wakamchukua Ryan Odom, yuleyule ambaye mwaka 2018 akiwa na chuo kidogo cha UMBC aliwafunga hao hao Virginia 74 kwa 54, mara ya kwanza kwa timu iliyopangwa nafasi ya kumi na sita, ya mwisho katika kundi lake, kuitoa timu iliyopangwa ya kwanza katika mashindano ya wanaume.

Na West Virginia ni mfano wa uchungu zaidi. Bob Huggins alijiuzulu Juni 2023. Wakaweka kaimu, Josh Eilert, mechi 9 za ushindi na 23 za kufungwa. Wakamleta Darian DeVries, akakaa mwaka mmoja, akaenda Indiana. Wakamleta Ross Hodge. Mvulana aliyeingia kule mwaka 2022 na kubaki miaka minne angekuwa amefundishwa na makocha wakuu wanne. Kwa hiyo mshukuru kocha wa mpwa wako kwa hili angalau: ameondoka wakati ambao chuo kinaweza kutafuta kwa utulivu.

Kutoka chuo hichohicho nataka kijana amjue Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi, mtu wa Kiswahili kama sisi. Aliondoka West Virginia katikati ya msimu wa 2020–21, akahamia Kentucky. Msimu uliofuata alipata wastani wa pointi 17.4 na ribaundi 15.1 kwa mechi, akawa mchezaji bora wa taifa. Kwa hiyo kuhama kunaweza kuwa baraka, sikatai. Lakini Tshiebwe alikwenda mahali palipokuwa na nafasi ya mtu wa ribaundi. Na kuna jambo lake jingine linalomhusu mpwa wako zaidi: viza ya mwanafunzi. Mwenye viza ya F-1 hawezi kufanya kazi Marekani kama mwenyeji, na matangazo ya biashara yanaweza kuhesabiwa kuwa ni kazi. Agosti 2022 Kentucky walipokwenda Bahamas kucheza mechi za kirafiki, Tshiebwe alizitumia siku hizo kufanya shughuli zake za matangazo nje ya ardhi ya Marekani, ili asivunje masharti. Mchezaji bora wa nchi nzima, bado ilibidi avuke bahari. Basi dalali akimpigia kijana na kumwambia "njoo huku kuna pesa", jibu lake liwe moja: mwanasheria wa uhamiaji wa chuo chenu amesema nini, na kwa maandishi.

Viza inagusa uhamisho wenyewe pia. Akihama, rekodi yake ya mwanafunzi wa kigeni lazima ihamishwe na ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo cha zamani kwenda cha mpya, apewe fomu mpya ya I-20, ile inayothibitisha kwamba ni mwanafunzi wa chuo hicho, na masomo yaanze ndani ya miezi mitano. Makocha hawayajui haya, wengi wao. Wasaidizi wao ndio kabisa. Asipande ndege kuja likizo Mwanza kabla hajakaa na ofisi hiyo, hata dada akilia simuni.

Na masomo. Division I inamtaka mchezaji awe amekamilisha asilimia 40 ya shahada yake mwisho wa mwaka wa pili, 60 mwisho wa tatu, 80 mwisho wa nne. Shahada inayohesabiwa ni ile atakayosoma chuo kipya. Akifika huko wakamkatalia masomo matano, asilimia inashuka, na anaweza kukaa nje ya uwanja huku akiwa amesajiliwa. Miaka kadhaa nyuma kijana mmoja niliyemlea alimfuata kocha wake chuo kingine kwa ahadi ya simu. Mimi ndiye niliyemwambia nenda. Alikuta vijana wawili wa nafasi yake wamesajiliwa wiki ileile, na theluthi ya masomo yake haikupokelewa. Alimaliza shahada, namshukuru Mungu, lakini kwa mwaka mzima wa ziada, na mama yake aliuza kiwanja. Bado linaniuma. Tangu siku ile sijamruhusu kijana wangu yeyote ahame kabla chuo kipya hakijatoa orodha ya masomo kinayoyapokea.

Kwa hiyo mpango wenu uwe huu. Leo kijana aende kwa ofisa wa kanuni wa idara ya michezo aulize tarehe ya mwisho ya dirisha, yaani muda wa kuingia potalini, la wachezaji walioachwa na kocha wao. Dirisha hilo lipo, lakini NCAA imekuwa ikibadilisha siku zake, kwa hiyo apewe tarehe kwa barua pepe, asiishie kusikia ya midomo ya wenzake. Huo ndio muda wake wa kusubiri. Ndani yake aendelee na mazoezi ya majira ya kuchipua, kila siku, na asikose darasa. Wasaidizi waliobaki wanamtazama, na kocha mpya atakapofika, swali lake la kwanza kwao litakuwa nani alikuja uwanjani wakati hakuna anayemlazimisha.

Kocha mpya akitangazwa, kwa kawaida atampigia kila mchezaji aliyebaki ndani ya siku moja au mbili. Hapo kijana aulize bila aibu. Umetazama mikanda yangu? Unaniona nikicheza nafasi ipi? Wa nafasi yangu unategemea kuleta wangapi? Ni msaidizi gani atakayenifundisha mimi, na je, ameshasaini? Kocha mkweli atajibu kwa mambo mahususi, atataja mechi, atataja udhaifu wake. Atakayesema tu "tunakupenda, wewe ni familia" na kupita, huyo amemwambia aondoke kwa lugha ya upole. Na akisema waziwazi kwamba hana mpango naye, kijana amshukuru, maana amempa siku za kutosha kutafuta. Hapo ndipo potali inapokuwa mlango halali, na kocha wa zamani ndipo anapopigiwa simu. Apigiwe moja tu: "Kocha, kuna nafasi yangu huko, ndiyo au hapana?" Kocha aliyemtaka kweli atakuwa ameshampigia.

Nami niwekeni kwenye mazungumzo hayo. Mwanza mko saa saba mbele ya pwani ya mashariki ya Marekani msimu huu, kwa hiyo kocha akipanga saa mbili usiku kule, kwenu ni saa tisa alfajiri. Kijana atufungulie simu ya pamoja, mimi nitakuwa macho. Dada alale mapema siku hiyo, na wewe umwamshe robo saa kabla.